Gurudumu Lisilopaka Wanja

Hapakuwa na bango mahali alipofanyia kazi Mama Rimu, na bado watu walimpata. Waulizaji walielekezwa hivi: fuata uzio wa mabati wa gereji mpaka ukutane na harufu ya sabuni, kisha tazama chini. Hilo la kutazama chini ndilo lililokuwa la msingi, kwa maana mwanamke huyo alishinda juu ya kigoda kisichozidi kimo cha ndoo, na mgeni aliyetafuta mtu aliyesimama alimpita mara mbili, akarudi kwake akilalamika kwamba amedanganywa.

Wengine mtaani waliosha gari zima, kuanzia paa hadi zulia la miguuni. Yeye aliosha magurudumu, basi. Kazi hiyo hakuichagua. Yaweza kusemwa kwamba yenyewe ilimchagua. Miaka kumi na mmoja nyuma alikuja gerejini kumletea chakula shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa fundi wa magari hapo. Akakuta rimu nne zimetupwa kwenye taka, nyeusi tititi, akaomba moja aoteshee mboga. Alipoisugua ili udongo wake usichanganyike na uchafu ule, weusi ukabanduka na chini yake ikang'aa rangi ya fedha. Akarudi kuzichukua zile tatu. Juma lililofuata mwenye gari alizinunua tena rimu zake mwenyewe, asizitambue. Tangu siku hiyo Mama Rimu hakuacha kumshukuru Mola kwa mboga alizokosa kuotesha.

Uchafu wenyewe aliufahamu kama hafidhi anavyozifahamu sura zake. Dereva akanyagapo breki, pedi huibana sahani ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu, na katika kubanana huko vyote viwili hulika kidogo kidogo. Kilicholika hakipotei. Huruka kikiwa vumbi la moto, laini kuliko unga, kikatua juu ya rimu. Ukiliondoa baada ya juma, hutoka kwa maji na sabuni. Ukiliacha mwaka, chembe za chuma zilizomo hushika kutu, zikajichimbia ndani ya rangi, na hapo sabuni huwa kama nasaha kwa kiziwi. Mafundi waliliita vumbi la breki. Mama Rimu aliliita wanja.

"Gari likifanya kazi yake vizuri hupaka wanja," alikuwa akiwaambia wateja walioona haya kwa uchafu wa magurudumu yao. "Usione haya. Kila punje hapo ni mara moja uliyosimama ukamwacha mtu avuke."

Maneno hayo wateja waliyapenda, nao waliyachukulia kuwa mzaha wa mwanamke mcheshi. Naye pia, kwa miaka kumi na mmoja, aliyachukulia hivyo hivyo.

Asubuhi moja, yapata saa tatu, gari dogo la buluu liliingia uani polepole na kusimama chini ya turubai. Kabla mlango haujafunguliwa Mama Rimu alikwishainuka kigodani, jambo alilolifanya kwa watu wachache sana. Mwenye gari alikuwa mkunga mstaafu, mjane wa miaka mingi, bibi mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha, aliyepokea kwa mikono yake nusu ya watoto wa mitaa ile. Wawili kati yao walikuwa wa Mama Rimu. Yule wa kwanza alipotoka, kila mtu chumbani alianza kupongezana na kukusanya vyombo, na mama mwenyewe akafumba macho apumzike. Mkunga alimwekea kiganja tumboni, akapapasa, akasema, "Msikunje shuka. Bado mmoja." Huyo aliyebaki sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mrefu kuliko kaka yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pacha wangu hawajambo?"

"Hawajambo, wanakula tu."

"Wakila ndio wazima. Haya, nitazamie aibu hii." Bibi Mkunga alilinyooshea gari fimbo yake. "Miaka mitatu nimeosha bodi na kuyasahau magurudumu. Leo binti yangu anatoka hospitali na mtoto wake. Mjukuu wangu wa kwanza. Nimewapokea wa watu hadi nikachoka kuhesabu, huyu ni wa kwangu. Sitaki aletwe nyumbani juu ya masizi."

"Wanaruhusiwa saa ngapi?"

"Saa sita. Na unaijua ile hospitali, iko chini ya mteremko. Kwa hiyo nahitaji saa moja na nusu ya mkono wako, bila hadithi."

Kutoka upande wa pili wa ua, chini ya lori lililoinuliwa kwa jeki, sauti ilisikika. "Bibi, mwambie awahi, huyo shemeji yangu akianza kuzungumza na rimu hamalizi."

Huyo alikuwa fundi. Uani walimwita Nusu Saa, kwa kuwa kila mteja aliyeuliza kazi yake itakwisha lini alijibiwa hivyo, na hapakuwa na kumbukumbu ya kazi iliyowahi kwisha ndani ya muda huo.

"Wewe maliza lori la juzi," Mama Rimu akamjibu bila kugeuka. "Mwenyewe amekwisha kuota mvi."

Bibi Mkunga aliketi kwenye benchi lililo kivulini, na Mama Rimu akaanza. Kwanza aliweka kiganja karibu na kila rimu ili ajue kama imepoa, kwani maji baridi juu ya sahani ya moto huipinda, na dawa juu ya rimu ya moto hukauka kabla ya kufanya kazi. Akavaa glavu na barakoa. Akavileta vyombo vyake: ndoo nyekundu ambayo haikuwahi kugusa kitu kingine ila magurudumu, brashi nyembamba ndefu ya kupenya hadi upande wa ndani wa rimu, brashi ya nywele laini ya uso wake, na mswaki mzee wa matundu ya nati. Brashi ya waya hakuwa nayo. Aliichukia kama mtu achukiavyo fitina, kwa sababu husafisha leo na kuacha mikwaruzo ambamo uchafu wa kesho hulala.

Alianza nyuma. Akalowesha kwa maji, kisha akanyunyiza dawa yake, ambayo chupani haikuwa na rangi yoyote. Dawa hiyo ilikuwa na tabia moja ya ajabu: ikikutana na chembe za chuma hugeuka zambarau. Ndani ya dakika moja rimu ya nyuma kushoto ilianza kutoa michirizi ya zambarau, miembamba, kwa maana magurudumu ya nyuma huwa na vumbi haba. Mzigo mkubwa wa kusimamisha gari hubebwa na ya mbele. Akasugua, akasuuza, akahamia nyuma kulia; mambo yakawa yale yale.

La mbele kushoto lilikuwa balaa. Weusi ulikuwa umeganda tabaka juu ya tabaka hadi mifereji ya rimu ilijaa, na dawa ilipolipata ilitiririka zambarau iliyokolea, ikashuka sakafuni kama wino uliomwagika. Alirudia mara tatu. Kila mara alisubiri dakika zake bila kuiacha ikauke, akaingiza brashi ndefu hadi kiwiko kikapotea, akaitoa nyeusi. Jasho lilimpenya chini ya barakoa. Saa ya ukutani pa gereji ilisema saa nne na dakika arobaini.

Alipoburuta kigoda hadi mbele kulia, moyo wake ulitua. Rimu ile ilikuwa karibu safi, yenye vumbi la barabarani tu.

"Hilo halina kazi," Bibi Mkunga akasema kutoka benchini. "Ile ya zamani iligonga shimo, ikapasuka. Wakaniwekea ya akiba, haikuwahi kutumika."

"Alhamdulillahi," Mama Rimu akasema kwa dhati. "Angalau moja limenihurumia."

Akalinyunyizia dawa kwa ajili ya kutimiza wajibu. Dawa ikatelemka nyeupe kama maji ya kisima. Akalisuuza, akayafuta yote manne kwa kitambaa, akayapaka nta nyembamba, na magurudumu yakasimama yaking'aa kama sahani za arusi. Bibi Mkunga alizunguka gari lake mara mbili, akashindwa kupata kosa, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Mungu akubariki mikono," akasema, akaingia garini.

Mama Rimu aliinama kumwaga ndoo. Sakafu ya uani ilikuwa ya saruji, yenye mwinamo kuelekea mfereji, na maji ya kazi yake bado yalikuwa hayajakauka. Ndipo alipoiona. Kutoka mahali gari liliposimama ilishuka michirizi mitatu ya zambarau, miwili miembamba na mmoja mnene. Wa nne ulikuwa maji matupu.

Akasimama na ndoo mkononi. Rimu ya akiba, ndiyo. Lakini iliwekwa lini? Akainua sauti juu ya mngurumo wa injini. "Bibi, ile rimu walikubadilishia lini?"

"Wakati ule wa mvua. Huu ni mwezi wa nane tangu hapo. Kwani?"

Miezi minane. Gurudumu la mbele lililozunguka miezi minane hupaka wanja. Na pacha wake wa kushoto alikuwa amejipaka wa watu wawili.

Hapo ndipo alipotambua ni kitu gani alichokishukuru. Alimshukuru Mola kwa wepesi kabla ya kuuliza wepesi huo umetoka wapi. Na hata alipokwisha kutambua, miguu yake haikuinuka upesi, kwani alikuwa na sababu ya kusita. Mwaka uliopita alimzuia mfanyabiashara mmoja kuondoka, akimwambia gurudumu lake linalia kama mgonjwa. Shemeji yake alilifungua mbele ya watu, akatoa kokoto moja iliyokwama, akaiinua juu ili wote waione. Kwa mwezi mzima uani hakuitwa Mama Rimu bali Daktari wa Kokoto. Na leo aliyekuwa akingojwa hospitalini alikuwa mtoto wa siku mbili. Akikosea, atakuwa amemchelewesha bibi huyu katika saa aliyoingojea maisha yake yote. Akinyamaza, kuna ule mteremko.

Gari likaanza kusogea. Mama Rimu akatembea haraka, akaiweka ndoo yake nyekundu mbele ya gurudumu la kulia, akasimama kando yake.

Gari likasimama. Kioo kikashuka.

"Mwanangu, ondoa ndoo."

"Bibi, breki ya upande huu haifanyi kazi."

"Umeifungua ukaiona?"

"Sikuifungua."

"Basi umejuaje?"

"Limekuwa safi mno."

Bibi Mkunga alitoa kichwa dirishani. "Nimekuja hapa unisafishie. Sasa usafi umekuwa ugonjwa?"

Chini ya lori Nusu Saa akacheka. "Daktari wa Kokoto amerudi kazini. Shemeji, tangu lini mwosha miguu akapima moyo? Mwache bibi wa watu akachukue mjukuu."

Mama Rimu alitafuta maneno ya kifundi, hakuyapata, angeyapata wapi? Alikuwa na neno lake moja tu, lile la mzaha, akalishika kwa kuwa hakuwa na jingine.

"Bibi," akasema, akiinama mpaka uso wake ukawa sawa na dirisha, "mimi vumbi hili naliita wanja. Magurudumu matatu ya gari lako yamepaka. Hili la nne halikupaka hata tone, miezi minane. Wewe ni mjane, unajua kuliko mimi. Mwanamke aliyezoea wanja akiuacha ghafla, haulizwi kwa nini. Unajua kuna msiba."

Bibi Mkunga aliuachia usukani. Alikuwa ameyakumbuka yale macho yake mwenyewe katika kioo, miezi minne na siku kumi za eda bila wanja, baada ya kumzika mumewe. Na jinsi jirani asiyekuwa na habari alivyomtazama usoni mara moja tu akaanza kulia. Mkono wake ukaenda kwenye ufunguo. Injini ikanyamaza.

"Nikikanyaga breki," akasema polepole, "gari huvuta kushoto. Nimesema ni uzee wa mikono." Kisha akageuza kichwa, na ile sauti ya wodini ikamrudia. "Wewe unayecheka. Toka huko chini, leta jeki."

Nusu Saa alitoka akijifuta mikono, akilitazama gari kama mtu aliyeitwa kuamua ugomvi wa watoto. Akapachika vizuizi nyuma ya magurudumu mengine, akaliinua lile la kulia mpaka likaning'inia, akalizungusha kwa mkono. Likazunguka. Hiyo ilikuwa sawa.

"Haya, Bibi, kanyaga breki tuondoe shaka. Shemeji, tayarisha jina jipya, lile la kokoto limechakaa."

"Nimekanyaga."

Fundi akaligusa gurudumu. Likazunguka.

"Kanyaga kweli, Bibi."

"Nimekanyaga kweli."

"Kanyaga mpaka mwisho."

"Mwanangu, nimesimama juu yake."

Fundi aliweka kidole kimoja kwenye ukingo wa rimu ile inayong'aa, akakisukuma. Gurudumu likazunguka duru nzima, na nyingine, na ya tatu, bila sauti, kama lililokuwa likicheza peke yake. Nusu Saa alikitazama kidole chake. Kisha akapiga magoti, akafungua nati, akalitoa gurudumu, na akaingiza uso pale lilipokuwa.

"Pistoni inayosukuma pedi imeng'ang'ania," akasema kutoka humo, na utani ulikuwa umemtoka sautini. "Mpira wake umechanika, maji yameingia, kutu imeshika. Hii haijabana pedi siku nyingi. Bibi, umekuwa ukisimama kwa upande mmoja. Hapa tambarare breki ya kushoto imekustahimilia. Kule mteremkoni, gari limebeba watu, ukikanyaga kwa ghafla..." Akatoa kichwa, akamtazama shemeji yake. "Na lilipita mikononi mwangu mwezi uliopita kwa ajili ya taa. Sikuliona."

"Utalionaje?" akasema Mama Rimu. "Wewe hutazami wanja." Hakulisema kwa kulipiza. Akakalia kigoda chake.

"Itachukua muda gani kutengeneza?" Bibi Mkunga akauliza.

Fundi akafungua kinywa, akakifunga, akafikiri. "Mpaka jioni," akasema. Wafanyakazi wote wa uani waligeuka kumtazama, kwa maana jibu kama hilo kutoka kwake halikuwahi kusikika.

Teksi ikaitwa. Wakati wa kuingojea, bibi alisimama karibu na gari lake lenye miguu mitatu, akiegemea fimbo yake, akamwangalia Mama Rimu aliyekuwa akiisuuza ndoo yake isiyohitaji kusuuzwa.

"Nilitaka yang'ae," akasema. "Mungu akataka yasimame. Na mimi niliyekwambia bado mmoja, leo umeniambia wewe."

"Bibi, mimi nililishukuru kabla sijalielewa. Nikasema limenihurumia."

"Basi shukuru tena, sasa ukiwa umeelewa. Shukrani ya kwanza haipotei."

Teksi ikafika, naye akaondoka kwenda kumchukua mjukuu wake juu ya magurudumu ya mtu mwingine, machafu kupindukia, ambayo aliyakagua yote manne kwa fimbo kabla ya kukubali kupanda.

Tangu siku ile gerejini kukawa na utaratibu mpya. Nusu Saa ndiye aliyeuanzisha, ingawa ukimuuliza atakwambia ulikuwepo siku zote. Gari likija kuoshwa, Mama Rimu haliloweshi kwanza. Huvua glavu moja, akapitisha kidole kwenye kila rimu, kisha huita, "Shemeji, njoo usome." Fundi huacha alichonacho, akaja kukitazama kidole kile kama msomaji atazamavyo ukurasa. Jina la Daktari wa Kokoto limeachwa; siku hizi, akiwa na furaha, humwita Daktari tu.

Bibi Mkunga alirudi wiki sita baadaye. Kwenye kiti cha nyuma alikaa binti yake, na mapajani mwa binti kulikuwa na furushi lenye nywele nyingi na ngumi iliyofumbwa. Mama Rimu alimwombea mtoto dua, akamsifu pua, akamshukuru Mwenyezi Mungu aliyeumba. Kisha akavua glavu, akazunguka hadi mbele kulia, akachutama, akapitisha kidole juu ya rimu. Akakaa hivyo kwa muda.

"Kuna nini?" bibi akauliza upesi kutoka dirishani.

Mama Rimu aliinua kidole chake. Kilikuwa cheusi mpaka kwenye pingili.

"Limechafuka, Bibi."

"Sana?"

"Sana kabisa. Sawa na mwenzake."

"Alhamdulillahi," akasema Bibi Mkunga, na binti yake aliyekuwa nyuma, asiyeelewa, akawatazama wanawake wawili wenye akili zao wakimshukuru Mungu kwa uchafu. Fundi aliitwa asome. Akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi kwenye lori.

Hapo ndipo Mama Rimu alipovaa glavu yake tena, akaivuta ndoo nyekundu, na kuanza kusafisha. Muda si mrefu maji yalishuka sakafuni kuelekea mfereji, na yeye akaacha kusugua kidogo ili ayatazame. Michirizi ilikuwa minne, na yote ilikuwa zambarau.